Kikapu cha Shangazi wa Garsen
Msomaji, ukishuka Garsen kwa basi la kutoka Malindi, usiende kwa jamaa mikono mitupu. Mimi nilimpelekea shangazi sukari, majani ya chai na leso. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikuwa yamezoa mpunga na migomba yake kando ya Mto Tana, nikadhani safari hii kikapu changu kitarudi kitupu. Kumbe najidanganya! Alfajiri nilikikuta kimejaa kambare waliokaushwa kwa moshi. Nilipokataa, alinuna.

"Mwanangu, maji yaliyochukua mpunga ndiyo yaliyoleta samaki. Au umekuja kunihesabia umaskini?"

Niliona haya, nikakipokea kwa mikono miwili. Basi zima lilinuka kambare hadi Malindi.