Zinaa Isiyo Zinaa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii hunukuliwa ili kumhimiza mgonjwa ajifichue mbele ya tabibu. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa swali la pili: je, huyo aliyejifichua ataitwa nani? Swali hili limenikaa moyoni kwa miaka mingi, nami nakusudia kulijadili katika makala haya mafupi.

Mamangu mdogo aliolewa akiwa na umri wa miaka 19. Alimjua mwanamume mmoja tu maishani mwake, naye ni mumewe wa ndoa. Alipoanza kutokwa na damu nje ya siku zake, alikwenda zahanati. Muuguzi aliyempokea alimweleza, bila nia mbaya, kwamba saratani ya mlango wa kizazi hutokana na ugonjwa wa zinaa, na kwamba ingefaa apimwe. "Zinaa?" akauliza. "Zinaa ya nani, mwanangu?" Akajifunga leso yake, akarudi nyumbani. Aliporejea baada ya miaka miwili, saratani ilikuwa imeenea. Alifariki mwaka wa 2014. Matangani niliwasikia watu wakinong'ona kuhusu ujana wake. Ujana wa mumewe haukunong'onwa na yeyote.

Sayansi yasemaje? Mnamo mwaka wa 1842, tabibu Mwitalia Domenico Rigoni-Stern, akichunguza kumbukumbu za vifo mjini Verona, alibaini kuwa saratani ya mji wa mimba ilikuwa nadra miongoni mwa watawa ikilinganishwa na wanawake walioolewa. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Mjerumani Harald zur Hausen kuonyesha kuwa chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi ni virusi vya papiloma, vijulikanavyo kwa herufi HPV. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2008. Aina mbili za virusi hivyo, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyokuwa na wapenzi wengi ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa unavyozidi. Lakini mwenzi mmoja atosha. Watu wengi wanaojamiiana huambukizwa wakati fulani maishani, na aghalabu mwili huvishinda virusi hivyo katika muda wa miaka miwili hivi. Kwa wachache virusi husalia kimya, na saratani huweza kujitokeza miaka 15 au 20 baadaye. Isitoshe, utafiti uliofanywa Uhispania na kuchapishwa mwaka wa 1996 ulidhihirisha kuwa hatari ya mke iliongezeka kulingana na idadi ya wanawake ambao mumewe alikuwa amewajua. Mwanamume naye hasalimiki: virusi hivi husababisha pia saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo.

Hapa ndipo sisi wanalugha tunapoingia. Zinaa ni kujamiiana nje ya ndoa; ni neno la dhambi kabla ya kuwa neno la tiba. Tunapoyaita maradhi haya "magonjwa ya zinaa", tunamhukumu mgonjwa kabla ya kumpima. Tendo la mke na mumewe si zinaa katika dini yoyote niijuayo, ilhali virusi hupitia humo humo. Waama, lugha yetu haina mizani katika jambo hili: mwanamke mwenye wapenzi wengi huitwa malaya, mwanamume mwenzake akasifiwa kuwa ni dume.

Neno hili sasa linawafuata hata watoto. Tangu Oktoba 2019, serikali ya Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya HPV kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10. Wapo wazazi wanaosita, wakidhani kumchanja binti ni kumfungulia mlango wa zinaa. Ukweli ni kwamba chanjo hufaa zaidi ikitangulia maambukizi, kama vile paa huezekwa kabla ya masika.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tutakuwa walimu, watangazaji na wafasiri wa vijitabu vya afya. Napendekeza tuseme "magonjwa yaambukizwayo kwa kujamiiana". Ni maneno marefu zaidi, lakini hayamtuhumu mtu. Tumwambie mwanamke kwamba upimaji wa mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache tu, na kwamba unamhusu hata aliyemjua mume mmoja. Tumwambie mwanamume kwamba historia yake nayo imo katika hesabu hii. Istilahi mbaya ikimfukuza mgonjwa mlangoni, dawa iliyomo ndani itamfaa nani?