Wiki Moja Bila Z.

Jumatatu, 3 Machi 2025. Ngamiani, Tanga
Baada ya futari nimehesabu: kundini kwetu WhatsApp tumefika 61. Januari matokeo yalipotoka tulikuwa saba tu, wote tumeanguka Hisabati, wote tunarisiti. Leo Z. ametueleza logarithimu kwa sauti huku mbuzi ya nazi inakwaruza. Anasoma na anakuna. Mwalimu alinifundisha mada hiyo mwaka mzima sikuambulia kitu, Z. kanielewesha kwa dakika nne. Nimefurahi mpaka nikaibandika linki ya kundi Facebook, waliokwama kama sisi nao waje.

Jumatano, 5 Machi
Saa tano usiku namba ya Z. imeandika: "Habari zenu wapendwa. Nimepatwa na shida, naombeni elfu thelathini, kesho asubuhi narudisha." Chini yake namba nisiyoijua. Mmoja wetu akawa ameshatuma elfu kumi.

Mimi nilikwama kwenye "wapendwa". Z. hajawahi kumwita mtu mpendwa. Hata akiazima kalamu huanza na "Waambaje". Nikampigia simu ya kawaida, akapokea analia. Jioni mtu wa kundini alimwandikia: "Dada, namba zangu sita zimekuja kwako kwa makosa, nirudishie." Akamrudishia. Kumbe zilikuwa za kufungulia WhatsApp yake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Z. amejisajili upya kwa laini yake, namba nyingine sita zikaja kwa meseji, akaziingiza, mwizi akatupwa nje papo hapo. Ila alishaweka PIN yake, na Z. haijui. Itabidi asubiri siku saba ndipo aingie bila PIN hiyo. Namba iliyoombewa pesa nimeiripoti TCRA kwa meseji, 15040. Elfu kumi ndiyo imekwenda.

Nimemtafuta yule "mwenzetu". Aliingia Jumanne, kwa linki yangu. Akishaingia mtu, namba zetu zote anaziona. Nimeifuta linki, nimemtoa, na nimewaandikia watu waraka mrefu kila mmoja aweke PIN. Nilipomaliza nikafungua simu yangu. Mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Mabishano. Kuna anayetaka tulivunje kundi, kuna anayetaka admini tu ndio waandike. Nimeuliza: tukifunga midomo, maswali ya hesabu nani atayajibu? Mama, bila kuinua macho kwenye uji, akasema mgeni hukaribishwa barazani kwanza, chumbani baadaye. Hilo tumelipitisha: anayeingia aletwe na mtu anayemjua kwa sura. Na pesa haiombwi kwa maandishi. Mwenye shida apige simu, tumsikie.

Usiku huu hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Alhamisi, 13 Machi
Saa kumi na moja jioni limeingia neno moja kutoka namba ya Z.: "Waambaje."

Kimya. Naona wanasoma, hakuna anayejibu. Na mimi nimo humohumo, kidole kiko juu ya kioo hakishuki. Salamu nayo si mtu anaweza kuiiga? Mwishowe mmoja akaandika, "Tuma sauti."

Ikaja, ya sekunde sita. Kwanza mbuzi ya nazi, kwa-kwa-kwa. Kisha: "Haya, swali la nne nani kakwama?"

Tulijibu kumi na wawili kwa pamoja.