Davos Wakati wa Theluji

Wengi wenu mmelisikia jina la Davos redioni, maana kila mwaka wakuu wa dunia hukutana huko kunena habari za mali na biashara, na mikutano yao ilianza mwaka 1971. Habari hizo hatuziandiki. Wako wazijuao kutupita. Sisi tulifika mwezi wa Februari, wakubwa walipokwisha kuondoka, na tunataka kuwasimulia jinsi watu wapitishavyo siku za baridi katika mji ule wa milimani, yaani wale wasiofunga mbao ndefu miguuni na kuteleza. Kwani mgeni wa kwetu hudhani kwamba huko hakuna kazi ila hiyo, na asiyeiweza atakaa ndani akiota moto mpaka siku ya kurudi.

Davos ni mji wa Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Hufikiwa kwa treni nyekundu ipandayo kutoka Landquart, ikizunguka magenge na kupita katikati ya misonobari iliyolemewa na theluji. Njia hiyo ilifika Davos mwaka 1890, na upana wa reli yake ni mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Tanga na Moshi. Mwenzetu, ambaye babaye alikuwa mtu wa reli, hakusadiki mpaka alipoinama kituoni akaipima kwa shubiri zake. Watu wakamtazama, naye hakujali.

Mji uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,560. Njombe yetu iko juu zaidi, wala hakuna atembeaye juu ya theluji huko. Sababu yake ni jua. Kwetu jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Uswisi, wakati wa baridi, hutokea likiwa limechelewa, huinama upande wa kusini, kisha hutua mapema kama mfanyakazi mvivu. Lakini hata jua hilo la muda mfupi lina nguvu katika bonde la Davos, maana hewa ni nyembamba na kavu, na theluji hulirudisha usoni. Tulibabuka pua sisi watu weusi, tukashangaa.

Hapa imetupasa kusema neno la siri kidogo. Miaka mitatu iliyopita sisi tunaoandika maneno haya tulishikwa na kifua kikuu. Tulitibiwa katika hospitali ya Kibong'oto, iliyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1926 imewapokea wagonjwa wa namna hiyo. Tukameza dawa miezi sita, tukapona. Lakini wako ambao mpaka leo, tukiwatembelea, hutupa kikombe ambacho hakitumiwi na mtu mwingine nyumbani. Wala hawatutukani. Hutabasamu, huuliza habari za watoto, na kikombe ni kile kile chenye ua jekundu. Mwenzetu wa safari alikuwa mmoja wao. Tulijua, naye alijua kwamba tunajua, na neno hilo halikunenwa kati yetu katika safari yote.

Kwa hiyo tuliogopa baridi ile. Siku ya kwanza tulifunika mdomo kwa kitambaa, tukavuta pumzi kidogo kidogo kama mtu apitaye penye moshi. Tulitembea tu, na kutembea ndiyo kazi ya kwanza ya wageni wasioteleza. Njia hukandamizwa kwa mashine mpaka theluji inakuwa ngumu, na juu yake utaona wazee na fimbo zao, akina mama wakikokota watoto juu ya sleji, na mbwa waliovishwa makoti. Hatua hulia chini ya kiatu kama mtu atafunaye muhogo mbichi. Tulifika mpaka kanisa la Mtakatifu Yohana, ambalo ncha ya mnara wake imesokoteka kama kamba. Wenyeji husema ni jua lililozipinda mbao zake. Jioni tulipoona kifua hakitukazi, tulikifungua kitambaa.

Siku ya pili tulikwenda penye uwanja wa barafu. Uwanja wa barafu ya asili hufanywa hivi: usiku wa baridi kali hunyunyiziwa maji, yakaganda, yakanyunyiziwa tena, tabaka juu ya tabaka. Viatu vyake hukodishwa, vina chuma chini chembamba kama makali ya kisu. Mwenzetu alikataa katakata. Sisi tulivaa, na mtoto wa kike, umri wake labda miaka saba, akatushika mkono bila kuambiwa, akatuongoza ukingoni. Tulianguka mara nne. Mara ya tano tulianguka pamoja na yule mtoto, naye akafurahi mno.

Karibu na uwanja huo pana jumba kubwa lenye paa la mbao, ambamo huchezwa mpira wa magongo juu ya barafu. Chama cha Davos cha mchezo huo kiliundwa mwaka 1921, na tangu mwaka 1923 hushindaniwa hapo kombe la Spengler katika siku za baada ya Krismasi. Kombe lilitolewa na tabibu Carl Spengler, na habari za baba yake ndizo zilizotufanya tuuone mji huu kwa macho mengine.

Baba huyo, Alexander Spengler, alikuwa Mjerumani aliyekimbia kwao baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 na 1849. Alipofika Davos mwaka 1853 kuwa mganga wa bonde, aliona kwamba kifua kikuu hakionekani sana kwa wenyeji, akawaza kwamba hewa ya juu ndiyo dawa. Mwezi wa Februari mwaka 1865 wakaja wagonjwa wawili kutoka Ujerumani, katikati ya theluji, wakati ambao hapo kwanza hakuna mgeni aliyekuwa akija. Wakapata nafuu. Habari zikaenea Ulaya, wagonjwa wakaja kwa mamia, na zikajengwa nyumba kubwa za kuwauguzia. Basi, kabla watu hawajaja Davos kuteleza, walikuja kulala. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya majira ya baridi: kulala barazani saa nyingi kila siku, umefungwa mablanketi mpaka shingoni, uso nje. Hawakuruhusiwa kutema mate ovyo. Wengi walichukua mfukoni kichupa cha kioo cha buluu kwa kazi hiyo.

Mwandishi Robert Louis Stevenson, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, alikaa Davos katika majira mawili ya baridi tangu mwaka 1880. Huko ndiko alikomaliza kile kitabu ambacho shule zetu za zamani zilikijua kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Tulipomweleza mwenzetu, alisimama njiani. Babu yake alikuwa nacho. Hakuwaza kamwe kwamba habari za mabaharia na kasuku zilimalizwa mahali pasipo na bahari, na mtu mwenye kikohozi.

Wagonjwa wenye nguvu, pamoja na jamaa zao, walichoka kulala, wakaanza kushindana kwa sleji. Mashindano ya mataifa yalifanywa mwaka 1883, watu wakishuka kutoka Davos mpaka Klosters. Sleji ya Davos ni kitu cha mbao tu, mfano wa kitanda kifupi chenye miguu miwili iliyopigwa ukanda wa chuma chini. Tulipanda nazo mpaka Schatzalp, mlima ulio juu ya mji kwa mita 300, kwa kigari kivutwacho na kamba ya chuma. Tukafundishwa: ukitaka kwenda kushoto, gusa theluji kwa mguu wa kushoto, ukitaka kusimama, kita visigino vyote viwili. Maneno ni machache, lakini mlima haungoji uyakumbuke. Kona ya tatu mwenzetu, aliyekataa barafu kwa kiburi cha utu uzima, alipaa akaingia katika rundo la theluji, miguu tu ikaonekana. Tulimchimbua. Kofia hatukuipata mpaka leo.

Siku ya upepo tuliingia katika nyumba ya picha za Ernst Ludwig Kirchner, Mjerumani aliyeishi Davos mpaka kufa kwake mwaka 1938. Milima yake ina rangi ya zambarau na waridi. Tulidhani ni wazimu, kisha saa kumi na moja jioni tukatoka nje tukaiona milima yenyewe ina rangi ile ile.

Siku ya mwisho tulipanda Schatzalp tena, pasipo sleji. Nyumba kubwa iliyoko huko ilifunguliwa mwaka 1900 kwa wagonjwa wa kifua, na katika miaka ya 1950 ikawa hoteli. Maana mwaka 1943 ilivumbuliwa streptomaisini huko Marekani, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vidudu vya ugonjwa ule, na kwa dawa hiyo na zilizoifuata baraza za kulalia zikakosa kazi. Walio wengi kati ya waliolala humo walipumzika, wakala vizuri, wakaona milima. Wengine walipona na wengine walishushwa wafu. Hewa peke yake haikuwatosha. Sisi tuliponeshwa na vidonge.

Tuliketi juu ya viti virefu vya kulalia, vilivyopangwa kuelekea jua. Hapakuwa na sauti ila theluji idondokayo kutoka matawini. Tukamweleza mwenzetu kwa mara ya kwanza jinsi tulivyolala Kibong'oto, tukihesabu vidonge, na jinsi mganga alivyotwambia kwamba ugonjwa huu hauletwi na vyombo, bali hewa atoayo mgonjwa akohoapo, na kwamba mtu aliyekwisha kupona hamwambukizi mtu. Alisikiliza, hakujibu. Akaitoa chupa ya chai kutoka mkobani, nayo ilikuwa na kikombe kimoja tu, kile kifuniko chake. Akamimina, akatupa sisi kwanza. Tukanywa. Akakipokea kikombe mikononi mwetu, hakukifuta, akajimiminia chai yake, akanywa akitazama bonde. Kisha akauliza kama kigari cha mwisho cha kushuka ni saa ngapi.