Nilikidharau kilima, kikanitoa kijasho chembamba

Mdharau mwiba mguu huota tende. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni kwetu Taita, lakini maana yake niliipata mwezi Juni mwaka 2019 kisiwani Arran, magharibi mwa Scotland, nikiwa nimeng'ang'ania jabali kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Nilikuwa nimemtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Glasgow. Siku zake za mapumziko huzimalizia milimani, jambo ambalo mama hajalielewa hadi leo. "Ameukimbia mlima huku ili aufuate mlima kule?" huuliza. Mama huyo huyo ndiye aliyenibebesha swali jingine, zito zaidi: je, dada atarudi lini kujenga kwenye kile kipande alichoachiwa na baba? Kwa siku nne nilikuwa nalo mfukoni kama noti bandia, sijui nilitolee wapi.

Jumamosi hiyo tulidamka, tukapanda garimoshi hadi bandari ya Ardrossan, kisha feri iliyotufikisha Brodick kwa muda usiotimia saa nzima. Dada akanionyesha Goatfell, kilele kirefu kuliko vyote kisiwani. Mita 874! Nilicheka, msomaji. Vuria yetu ina mita 2,208. Dada hakunijibu. Alivitazama tu viatu vyangu vya raba, akatikisa kichwa.

Nilichosahau ni kwamba hapo mtu huanzia ufuoni kabisa. Tena hatukuwa tunaenda kileleni, bali kupenya katikati ya milima: kuingia Glen Rosa, kuvuka mgongo uitwao Saddle, yaani tandiko, na kushukia Glen Sannox upande wa pili. Glen ni neno la wenyeji kwa bonde jembamba la milimani. Haya ya Arran yalichongwa na barafu zama za kale, na kuta zake zimesimama wima huku na huku.

Glen Rosa haikunisumbua sana. Mto wake ni maangavu hata unaweza kuhesabu kokoto chini. Mbele yetu Cir Mhòr ilichomoza kama jino. Tuliposimama kunywa chai ya chupa, usubi walituvamia masikioni na puani mpaka tukaimeza chai tukitembea. Hakuna aliyetuuliza twaenda kwa nani. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 humruhusu mtu kutembea milimani, hata kwenye ardhi ya wenyewe, mradi asiharibu kitu. Niliwakumbuka askari wa mageti ya Nairobi na vitabu vyao vya kuandikisha majina.

Saddle iko zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Tulipofika nilikuwa nahema, lakini nilijipongeza kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Njia ya kushukia Glen Sannox hupita kwenye mfereji uitwao Whin Dyke. Zamani za volkano, ufa katika miamba ya itale ulijaa mwamba mwingine mweusi. Mwamba huo umelika upesi kuliko itale, ukaacha mpenyo mwembamba, mkali, wenye changarawe zinazoteleza. Hapo miguu peke yake haitoshi. Unaupa bonde mgongo, unashika jiwe kwa mikono, na kupapasa kwa kidole cha mguu mahali usipopaona. Jiwe moja liliponyoka chini ya raba zangu, nikalisikia likigonga, likigonga tena, kisha kimya. Nikaganda. Siwezi kwenda juu, siwezi kwenda chini.

"Usitazame chini, mdogo wangu," dada alisema kutoka chini yangu. Akanishika kifundo cha mguu, akakiweka penye jiwe imara. "Sasa wa kushoto. Shusha. Pole pole." Sauti ilikuwa ile ile ya miaka mingi nyuma, aliponivusha kwenye mawe ya kijito chetu tukienda kwa bibi. Nina miaka thelathini na ushei, na sikuona haya.

Tulipofika chini, magoti yakitetemeka, tulipita katikati ya makangaga marefu. Dada akaniambia kwamba bonde lile lilikuwa na watu. Mwaka 1829 mwenye ardhi aliwaondoa ili afuge kondoo, wakapandishwa meli iitwayo Caledonia huko Lamlash na kupelekwa Kanada.

Basi hapo swali likanitoka lenyewe. Anarudi lini?

Alitembea kitambo bila kusema. "Wale waliondolewa," alisema. "Mimi nilipanda ndege mwenyewe, na nyumba nimeshanunua hapa. Sitakuwa mgeni Kenya. Katiba ya 2010 inaniruhusu uraia wa nchi mbili. Lakini kile kipande jenga wewe. Uniachie chumba kimoja, cha upande wa migomba."

"Nimwambie mama hivyo?"

"Mwambie. Mimi nimeshindwa miaka mitatu."

Basi la kurudi Brodick lilitukuta Sannox tumevua viatu, raba zangu zikiwa zimeachama kama mdomo wa kambale.

Niliporudi nilikwenda Wundanyi, nikamweleza mama ana kwa ana. Alinyamaza muda mrefu akipeta maharagwe. Kisha akauliza kama kule mlimani dada alikuwa amevaa sweta.