Barua ya Tarakimu Sita

Haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu mawili, kwetu Kitale, nikiwa likizoni.

Kaka yangu ni muunda programu. Alipomaliza chuo alitafuta kazi ya ofisi hadi soli za viatu zikaisha, asiipate. Basi akawa anakesha mbele ya tarakilishi kuukuu, akiandika masomo na kuyaweka kwenye tovuti yake. Lililosomwa sana lilihusu Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na malipo ya M-Pesa. Alieleza hatua kwa hatua, na msimbo wote akautoa bure bilashi!

Baba yetu ni seremala. Usiku mmoja uzalendo ulimshinda.

"We kijana, stima nalipa mimi! Hebu niambie, nikimfundisha kila mpita njia kutengeneza kiti, nani atanunua changu?"

"Baba, wakishajaribu wakaona ugumu wake, watakuja kwako."

Baba akasonya, akaenda kulala. Kusema kweli, mimi nilikuwa upande wake. Karo yangu ilikuwa haijalipwa.

Kaka alikuwa amejiandikisha katika AdSense, mpango wa Google ulioanza mwaka wa 2003. Matangazo hutokea kando ya somo, na mwenye tovuti hupata sehemu ya pesa za mtangazaji. Lakini pesa zenyewe, salaale! Huingia senti kwa senti. Zikifika dola 10, Google hutuma barua kwa posta yenye tarakimu sita za siri, wahakikishe kwamba unaishi unakosema. Kulipwa nako, ungoje hadi dola 100. Hizo 10 zilimchukua kaka miezi saba.

Barua ilikuja kwa sanduku la posta la Baba. Aliichukua mwenyewe, akaigeuzageuza mkononi kama mtu anayekagua ubao.

"Hawa wazungu wamekujuaje?" akauliza. Jioni hiyo stima haikutajwa.

Hata hivyo, karo yangu haikutoka kwa wazungu. Mwenye duka moja la dawa za mifugo huko Eldoret alitaka wateja walipe kwa M-Pesa na programu yake ijue papo hapo. Mpwa wake alilisoma somo la kaka, akahangaika siku mbili, akashindwa. Simu ikalia: "Bwana, tumesoma yote, lakini njoo utufanyie wewe." Shilingi elfu arobaini! Nilirudi shuleni na stakabadhi mfukoni, nikitembea kama tausi.

Siku hizi masomo hayo ameyakusanya yakawa kijitabu, anakiuza shilingi 300. Wiki nyingine vinanunuliwa vitatu, nyingine hata kimoja hakuna. Matangazo nayo yangali dola 31.

Juzi Baba alimwita kaka karakanani ampige picha akitengeneza meza, mwanzo hadi mwisho, aziweke huko mtandaoni.

"Lakini ile namna yangu ya kuunga pembe," akaonya, "hiyo usiwaonyeshe ati!"