Siku mimi na bibi yangu tulienda kucheza

Ninyi mnaonisikiliza asubuhi mnanijua kwa habari za namna moja. Nikisema "hapa Mulekera, mjini Beni", wengi wenu mnanyamazisha watoto na kuongeza sauti ya redio, kwa sababu mnajua kinachofuata: nani ameuawa, watu wamehama wapi, barabara gani imefungwa. Leo sina habari ya namna hiyo. Nataka kuwaeleza siku moja ambayo nimeificha kwa miaka mitatu.

Ilikuwa Machi 2022. Bibi yangu anauza viatu na nguo za watoto. Mwaka ule yeye na wamama wenzake wa Beni na Butembo walichanga pesa waende kununua mali Dubai. Desturi hiyo mnaijua: mali inapakiwa kwenye kontena, inashukia Mombasa, inakata Kenya na Uganda, inaingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Kwa bibi yangu ilikuwa safari ya kwanza, na alikuwa anabeba pesa za watu, basi akaniomba nimsindikize. Zamu yetu ya likelemba ikalipa nauli yangu.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuitaja. Tulifunga ndoa Novemba 2014. Mauaji ya Beni yalikuwa yameanza Oktoba ile, na mji ulikuwa chini ya amri ya kutotembea usiku. Kwenye arusi yetu wageni walikula haraka haraka, keki ikakatwa watu wamesimama, na kabla jua halijashuka viti vya kukodi vilikuwa vimeisharudishwa. Tangu siku hiyo hatukuwahi kutoka sisi wawili kwa ajili ya kufurahi tu. Kila mara tuliposema "safari hii tutatoka", kitu kilitokea. Desemba 25, 2021, tulikuwa tumevaa tayari, tukachelewa kwa sababu mtoto wetu mdogo alikuwa na homa. Bomu likalipuka katika restora moja ya mji ambako watu walikuwa wakisherehekea Noeli. Nilivua viatu vya sikukuu, nikavaa vya kazi, nikachukua mikro. Tangu siku ile bibi yangu hakutaka tena kusikia habari ya mahali penye muziki na watu wengi.

Sitawachosha na safari: barabara ya Kasindi na roho mkononi, Kampala, kipimo cha korona, ndege ya Entebbe. Dubai tulifikia Deira, na kwa siku nne tulihesabu viatu. Siku ya tano makatoni yalikuwa yamefungwa, na ndege yetu ilikuwa ya kesho yake usiku. Mama mmoja wa Butembo, mkubwa kuliko sisi wote, alitukuta tumekaa kitandani tukihesabu tena.

"Wanangu," akasema, "mkifika Beni mtasema mmeona nini? Makatoni?"

Ndiye aliyetuambia habari za Motiongate, mahali ambapo wajukuu wake walimpeleka safari iliyopita.

Kwa asiyejua, Motiongate ni uwanja mkubwa wa michezo uliofunguliwa Desemba 2016, kando ya barabara ya Sheikh Zayed inayoelekea Abu Dhabi. Umejengwa kwa kufuata filamu za makampuni ya Hollywood: DreamWorks, Columbia, Lionsgate. Hukai kwenye kiti ukatazama sinema. Unaingia ndani yake. Unapanda magari yake, unakutana na wanyama wake, unatembea katika barabara zake. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video vya Beni, kwenye ubao na moshi wa jenereta, tukilipa franga chache kumuona Rambo au Jackie Chan katika televisheni moja kwa watu sitini, tungeambiwa kuna mahali kama hapo tungesema ni uongo wa mtangazaji.

Tiketi mbili zilikaribia kodi yetu ya nyumba ya miezi mitatu. Nikamuuliza bibi yangu, "Mama, pesa hii ni viatu jozi ngapi?"

Alikuwa amekwisha kuhesabu. "Jozi arobaini," akajibu. "Twende."

Tulichukua treni ya mji mpaka Ibn Battuta, kisha basi. Mlangoni wanapekua mifuko. Bibi yangu alinyanyua mikono kabla hajaambiwa, akageuka, akafungua mkoba mwenyewe. Mlinzi akacheka. Hakujua kwamba kanisani kwetu, tangu Noeli ile, tulikuwa tunapekuliwa hivyo kila Jumapili.

Ukiingia tu unajikuta katika barabara ya New York ya sinema: maghorofa ya matofali, madirisha marefu, taa za njiani. Niligonga ukuta mmoja, ukalia kama ngoma. Bibi yangu alisimama akitazama madirisha ya juu ambayo hayakuwa na chumba nyuma yake.

"Papa," akaniambia, "hapa wamejenga nyumba nzuri na hakuna mtu wa kulala ndani. Kwetu, kwenye barabara ya Eringeti, nyumba zipo, na wenyewe wanalala kwenye masomo na makanisa."

Nilikosa la kumjibu. Tukaendelea.

Hatujafika mbali, kitu kikapasuka nyuma yetu: pa! Kabla sijafikiri nilikuwa nimelala chini, mkono wa bibi yangu ukinikandamiza shingo, nyuma ya chombo kikubwa cha maua. Nilipoinua macho niliona watoto wanakula aisikrimu. Mtoto mmoja alikuwa analia, ameshika kamba isiyo na puto.

Dada mmoja mfanyakazi wa pale akatukimbilia. Alikuwa Mkenya. Alituinua na kutupangusa bila kucheka.

"Pole sana, mama. Ni puto tu. Mnatoka wapi?"

"Beni, Kongo."

"Beni? Ile ya Ebola?"

Mimi nilizoea swali hilo. Tangu mlipuko ule mkubwa wa 2018 hadi 2020, jina letu limekwenda duniani pamoja na ugonjwa. Bibi yangu alikataa. "Hapana, dada yangu. Beni ya kakao. Hata hiyo chokoleti mnayouza hapo, labda imepita mikononi mwetu."

Yule dada akacheka, akatuletea maji. Akatuambia tuanze na jumba la DreamWorks, kwa sababu ndani mna hewa baridi na michezo mingine ni ya polepole.

Alituelekeza vizuri. Jumba lile ni kama mji uliofunikwa paa. Upande huu Shrek na punda wake, upande ule Kung Fu Panda, kisha wale wanyama wa Madagascar, kisha madragoni wanaoruka. Watoto wetu nyumbani wanazijua filamu hizo zote kutoka kwenye flashi za jirani. Tulikalia bakuli kubwa za tambi za Bwana Ping, yule bata aliyemlea Panda. Unakaa ndani ya bakuli, linazunguka mpaka hujui kwenu ni wapi. Bibi yangu alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Katika miaka zaidi ya saba ya ndoa nilikuwa sijawahi kuona kitambaa kikimtoka hadharani asikijali.

Kisha akataka treni ya Madagascar. Ni treni ya mbio inayokimbia ndani ya giza, inapanda, inashuka ghafla, inakata kona. Kutoka ndani yalikuwa yanasikika makelele ya watu. Nikamwambia hapana. Nikasema mimi woga ninao wa kutosha nyumbani, sitoi pesa kununua mwingine. Niliamini nimesema neno la busara.

Akanitazama. "Ule wa nyumbani nililetewa," akasema. "Huu nimeuchagua mwenyewe." Akanipa mkoba wake, akaenda.

Nilisimama mlango wa kutokea, nimebeba mkoba wa mwanamke kama mlinzi. Hapo nikakumbuka usiku wa Agosti 13, 2016, watu walipouawa Rwangoma, ng'ambo ya mji. Sisi tulilala chini ya kitanda. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mdogo sana, na mama yake alimfunika mdomo kwa kiganja usiku kucha, akinyanyua vidole kidogo tu ili apumue. Asubuhi mkono ule haukukunjuka mpaka nikauweka katika maji ya moto. Katika vita yetu watu hawapigi makelele. Anayepiga makelele anajulikana alipo.

Bibi yangu alitoka akitetemeka, machozi yanamtiririka, sauti imekauka kabisa. Nikashtuka, nikamshika, nikamuuliza ameumia wapi.

"Sijaumia," akanong'ona. "Nimepiga makelele yote, Papa. Yote yaliyokuwamo. Na hakuna aliyekuja."

Akaingia tena katika mstari. Mara ya pili nilikwenda naye, na ninyi mnaojua sauti yangu ya redio ni heri hamkuisikia siku hiyo.

Jioni, ndani ya basi, nikafungua simu niliyoifunga tangu asubuhi. Ujumbe ulikuwa umejaa: habari mbaya za nyumbani, za namna ileile ninayowasomea kila wiki. Mwenzangu wa redio alikuwa amenitafuta mara sita. Nilijiona mtu asiye na haya. Watu wangu wanazika, mimi ninapanda treni ya simba na punda milia. Nikamwambia bibi yangu kwamba habari hii tusimweleze mtu. Tukirudi tutasema viatu tu. Hakubishana, hakuwa na sauti ya kubishana. Picha nikazificha ndani kabisa ya simu.

Na tulinyamaza hivyo. Mali ilifika, viatu viliuzika, deni la likelemba likaisha. Kila mara nilipokwenda kuwahoji waliohama, nikiketi juu ya shitingi na mama ambaye jana amepoteza mume, ile siku ilinichoma kama kitu nilichoiba.

Mwaka huu tumepokea familia moja katika parseli yetu, mama na watoto watano kutoka upande wa Mamove. Jioni moja mtoto wao wa pili alikuwa anachezea simu yangu, akafika kwenye zile picha. Akaenda nayo mbio kwa mama yake: "Mama, tazama! Mama wa hapa amekaa ndani ya bakuli!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaanza kueleza kwamba ilikuwa zamani, kwamba tulikuwa katika kazi, kwamba pesa haikuwa nyingi.

Yule mama alitazama picha moja moja, polepole, akanikatiza. "Papa wa redio, kila siku unatuletea vifo. Vifo tunavijua, ndivyo vimetuleta hapa. Kitu kama hiki ndicho unaficha?" Kisha akamgeukia bibi yangu. "Nieleze. Huko kwenye giza ulilia?"

Usiku ule hatukulala mapema. Bibi yangu alieleza yote, toka puto mpaka treni. Alipanga viti vya plastiki mstari mmoja, akawakalisha watoto wetu na wao, akazima taa, akawa anatikisa viti na kuwaambia, "Sasa tunapanda... bado... bado..." Yule mama alikaa kiti cha mbele.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wamepata chukudu. Wakaipandisha juu ya mteremko ulio nyuma ya kwetu, wanne wanne wakaipanda, wakashuka nayo wakipiga makelele. Bibi yangu alisimama juu akidai tiketi: jani moja la mwembe kwa kila mtu.

Dakika tano hazikupita. Majirani walitoka na mapanga, wengine wakaanza kupiga sufuria kama tunavyofanya adui akionekana, mama mmoja akafunga mtoto mgongoni tayari kwa kukimbia. Shefu wa kartie akafika kwa motari, anahema. Tuliomba msamaha nyumba kwa nyumba. Shefu alikemea, na alikuwa na haki. Kisha akatazama mteremko, akatazama wale watoto walionyamaza kama waliokamatwa wanaiba, akasema, "Basi muwe mnatangaza kwanza."

Ndivyo tunavyofanya sasa. Kila Jumamosi, kabla ya kuanza, mtoto mmoja anapita kwenye milango na kusema: "Makelele ya leo ni ya kucheza, msikimbie." Juzi waliomba nitangaze hata redioni, na ndiyo sababu mnasoma maneno haya.

Sisemi vita imeisha. Kesho asubuhi huenda nikawa na habari ya kuwanyamazisha tena. Lakini ninyi mliohama, mnaolala kwenye masomo, makanisa na parseli za watu: kama watoto wenu wanatuuliza wapi pa kucheza, wasione haya, na ninyi msione haya. Mwenye mti wenye tawi nene afunge kamba. Mwenye chukudu aikopeshe saa moja. Na mlio karibu na kwetu, Jumamosi saa tisa, kabla jua halijashuka. Leteni majani ya mwembe. Msisahau kuwaambia majirani.

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Mulekera.