Ubao wa kwanza wa mdogo wetu

Leo tunaandika kuhusu kitu ambacho hapa Nyarugusu hakipo: ubao wa kupanda mawimbi ya bahari. Msicheke kwanza. Kuna mdogo wetu wa miaka 14, alikuwa anakuja kwetu jioni kusaidiwa hesabu. Sasa familia yake iko San Diego, Marekani, mji ulio kando ya bahari. Alituandikia kwenye WhatsApp: “Bayaya, nataka kununua ubao, mama anakatala. Muongee naye.”

Sisi tuko huku Kasulu, bahari tunaiona kwenye simu tu. Lakini hofu ya maji tunaijua. Wazazi wa wengi wetu walivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka upande wa Fizi, boti imejaa watu, upepo unapiga. Mama wa huyu kijana ni mmoja wao. Kwake yeye, mawimbi si mchezo. Basi hatukumwambia “mama, acha woga, huko ni Marekani.” Tulimuuliza anaogopa nini hasa. Akataja mambo matatu: mtoto hajui kuogelea vizuri, ubao utampiga kichwani, na maji yatamvuta asirudi.

Kumbe yote matatu ni ya kweli! Tukachanga bando, tukasoma, tukaangalia video, halafu tukamjibu moja moja.

La kwanza ni kuogelea. Ubao unafungwa mguuni kwa kamba, lakini kamba hukatika. Mtu asiyeweza kurudi ufukweni bila ubao, bado hajafikia kununua ubao. Kijana akaambiwa aanzie kwenye bwawa.

La pili ni ubao wenyewe. Yeye alitaka ule mfupi, mwembamba, wenye ncha, kama wa mabingwa. Huo ni wa mtu anayejua tayari. Anayeanza ukimpa huo, unazama chini yake, unayumba, anaanguka kabla hajasimama. Mwenye kuanza anataka mrefu, mpana na mnene. Ni kama mtumbwi: ule mpana hata mtoto anakaa, mwembamba unataka mzoefu. Yeye ana kilo 50 hivi, kwa hiyo futi 8 zinamfaa. Mbao hizi hupimwa pia kwa lita, na kwa anayeanza lita zizidi kilo zake. Lakini usiwe mkubwa mpaka ashindwe kuubeba mwenyewe kutoka kituo cha basi mpaka mchangani.

Halafu uwe wa sponji, siyo faiba. Siyo sponji ya godoro, hii ni ngumu, ila juu ni laini kidogo. Ukikupiga bado unauma, lakini siyo kama faiba. Mapezi yake ya chini nayo yawe ya plastiki laini, na kamba ya mguuni iwe na urefu sawa na ubao au izidi kidogo.

Pesa je? Mama anafanya usafi, pesa ni ya kuhesabu. Tukasema uliotumika si mbaya. Uunyanyue kwanza: ukiwa mzito kupita kawaida, umekunywa maji. Tazama nyufa, vuta kamba, tikisa mapezi, ndipo ulipe.

La tatu ni mkondo unaovuta kuelekea ndani. Usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kwenda nchi kavu, utachoka. Shikilia ubao wako, kwa sababu unaelea, punga mkono kuomba msaada. Kama unaweza kuogelea, enda pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Na kila siku aingie pale walipo waokoaji tu, asiingie peke yake.

Mama alisikiliza sauti zetu zote, akanyamaza siku mbili. Kisha akajibu: “Sawa wanangu. Lakini mimi nitakaa pale mchangani.” Miezi mitatu kijana alikuwa bwawani. Sasa ana ubao wa futi 8, wa bluu, umechubuka kidogo, na mama anakaa karibu na mnara wa waokoaji na kitenge chake. Juzi alitutumia sauti: “Anaanguka tu, anacheka tu.” Na yeye alikuwa anacheka. Sauti ile tumeisikiliza mara nyingi.

Tunawaandikia haya kwa sababu hata hapa kambini mtoto huomba viatu vya mpira vya bingwa kabla hajajua kupiga pasi. Chagua kitu cha kumsaidia mwezi wake wa kwanza, siyo cha kupigia picha. Na ninyi mnaofanya kazi na vijana, mzazi akikataa, msiandike haraka kwamba “haelewi umuhimu wa michezo.” Muulizeni anaogopa nini. Huenda anajua kitu ambacho fomu yenu haina nafasi yake.

Kwenu ninyi mliofika mbali: watoto wanaomba nini huko, na mama zenu wanasemaje? Tuandikieni.